Antena ya fimbo mbili: kwa nini ina umbo lile, na picha ya mawingu inavyotoka humo

Maelekezo mengi ya kutengeneza antena ya setilaiti za hali ya hewa bado yanamwambia msomaji ategeshe redio kwenye megahezi 137.62, 137.9125 au 137.1 na kusubiri mlio wa tiki-toki, tiki-toki. Ukisubiri leo utakesha bure. Setilaiti tatu za Marekani zilizokuwa zikitoa mlio huo zilizimwa mwaka 2025: NOAA-18 mwezi Juni, kisha NOAA-19 na NOAA-15 mwezi Agosti, zikipishana kwa siku chache tu. NOAA-15 ilikuwa angani tangu Mei 1998. Kuzimwa kwake ndiko kulikoufunga utaratibu wa kurusha picha kwa analojia ulioanza na setilaiti ya TIROS-8, Desemba 1963.

Lakini antena yenyewe haijapitwa na wakati. Setilaiti za Urusi, Meteor-M N2-3 iliyorushwa Juni 2023 na Meteor-M N2-4 iliyorushwa Februari 2024, hutuma picha zao kwenye bendi ileile, megahezi 137.9 au 137.1. Tofauti ni kwamba hutuma kwa dijitali, na kila nukta ya picha zao ni kama kilomita moja ya ardhi, ilhali ile ya analojia ilikuwa kama kilomita nne. Fimbo zilizokatwa kwa ajili ya NOAA zinapokea Meteor bila kuguswa. Kilichobadilika ni kazi inayofanywa na kompyuta.

Maelekezo ya "kata sentimita 53.4, tanua digrii 120, laza" yamejaa kila mahali. Yanayoeleza kwa nini iwe hivyo ni machache, na ndiyo maana mtu picha ikimgomea huanza kukata fimbo upya, wakati fimbo hazina kosa lolote.

Picha inayochorwa mstari kwa mstari

Tuanzie juu. Setilaiti hizi hazipigi picha kama simu inavyopiga. Zinapita kimo cha kilomita 820 hivi, zikikatiza karibu na ncha za dunia, na mzunguko mmoja huchukua dakika 101 au zaidi kidogo. Ndani yake kuna kioo kinachozunguka, kikifagia ardhi kutoka upande mmoja wa njia hadi mwingine, upana wa karibu kilomita 2,800. Kila kioo kinapomaliza ufagio mmoja, setilaiti imeshasogea mbele kilomita moja hivi, na ufagio unaofuata unaanzia hapo. Picha inakua kama kitambaa kwenye kitanda cha mfumi, uzi mmoja baada ya mwingine, na kila uzi hutumwa chini papo hapo. Setilaiti haingoji kuombwa na haijui nani anasikiliza. Yeyote ambaye inaonekana juu ya upeo wake wa macho anaweza kupokea.

Jambo hili ndilo linaloamua antena iweje. Tangu setilaiti ichomoze upande mmoja hadi izame upande wa pili ni kama robo saa ikiwa inapita karibu na utosi wako. Inapochomoza, ardhi iliyo chini yake iko kilomita 3,000 kutoka ulipo. Inapozama, vivyo hivyo upande wa pili. Ukiisikia mwanzo hadi mwisho, unapata utepe wa picha wenye urefu wa kilomita 6,000. Ukiisikia ikiwa utosini tu, unapata kipande kifupi cha katikati. Kwa maneno mengine, urefu wa picha yako ni kipimo cha anga ambalo antena yako inaliona.

Sasa tazama ugumu wake. Setilaiti ikiwa utosini iko umbali wa kilomita 820. Ikiwa kwenye upeo wa macho iko zaidi ya kilomita 3,300, yaani mara nne. Nguvu ya mawimbi hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo pale pembeni inafika moja ya kumi na sita tu ya ile ya utosini, na hata hiyo ya utosini inatokana na mtambo wa wati chache. Akili ya kawaida inakuambia utafute antena yenye kuvuta sana, mfano wa zile za televisheni zenye vijiti vingi kwenye mhimili mmoja. Zinavuta kweli, ila zinavuta kutoka upande mmoja, nawe unafukuzia kitu kinachokatiza anga zima. Utasimama nje robo saa nzima ukiizungusha mkononi kama mtu anayemfuata nzi kwa tochi. Wako wanaofanya hivyo na wanapata picha nzuri. Kwa antena ya kuiweka na kuiacha, hitaji ni tofauti: isikie pande zote kwa kiasi, bila kupendelea upande wowote kupita kiasi.

Urefu wa fimbo, na kosa lisilo na madhara

Wimbi la redio la megahezi 137.5 lina urefu wa mita 2.18. Dipoli, yaani fimbo mbili zinazokaribiana katikati pale kebo inapoungwa, hufanya kazi vizuri ikiwa urefu wake wote ni nusu ya wimbi. Nusu ni mita 1.09, kila fimbo inapata sentimita 54.5. Umeme kwenye ncha za fimbo hujifanya kana kwamba fimbo ni ndefu kidogo kuliko ilivyo, kwa hiyo tunapunguza sentimita moja hivi. Ndipo ilipotoka ile 53.4.

Je, ukikata 52.5? Hakuna kitu. Kosa la sentimita moja linahamisha masafa ambayo antena inayapenda kwa megahezi mbili na nusu, na kwa anayepokea tu hilo ni dogo. Anayerusha mawimbi ana sababu ya kuogopa vipimo, maana nguvu isiyoingia kwenye antena humrudia na inaweza kuunguza mtambo wake. Wewe unapokea. Hata sehemu moja katika kila tisa ya mawimbi ikigonga na kurudi, picha haitajua. Nimewahi kuona fimbo zilizopimwa hadi nusu milimita, zimeunganishwa na kebo iliyochunwa ganda sentimita saba, na ncha hizo zinaning'inia kila moja upande wake. Sentimita hizo saba nazo ni antena! Urefu huhesabiwa tangu pale waya wa kati na suka ya nje ya kebo zinapoachana, si tangu fimbo inapoanza kuonekana. Chuna sentimita moja au mbili, zifunge kwenye konekta ya plastiki yenye skrubu, ile ambayo mafundi umeme huungia nyaya, na upande wa pili wa konekta uingize fimbo. Hakikisha kwa multimita kwamba fimbo mbili hazigusani. Uzi mmoja wa suka ukigusa waya wa kati, antena yote imekufa na kwa macho huwezi kujua.

Fimbo ziwe alumini, shaba au shaba nyeupe, zozote zisizopinda kwa upepo. Wembamba au unene wake, ndani ya milimita tatu hadi sita, si jambo la kukunyima usingizi.

Umbo la V lina kazi mbili. Dipoli iliyonyooka ina ukinzani wa omu 73 hivi, na vipokezi vingi vinatarajia omu 50. Ukizitanua fimbo digrii 120 badala ya 180, ukinzani unashuka karibu na 50. Kazi ya pili ni kubwa zaidi kwa maoni yangu: dipoli iliyonyooka haisikii chochote kutoka upande zinakoelekea ncha zake. Ikikunjwa, viziwi hao wawili wanapata kusikia kidogo. Na kwa kuwa setilaiti zetu huja kutoka kaskazini au kusini, unailaza V ikiwa na mdomo wake umeelekea kaskazini au kusini, ili ncha ziangalie mashariki na magharibi, ambako hasara ni ndogo.

Hapa niseme neno kuhusu kebo ya televisheni, ile ya omu 75, kwa kuwa watu hukatazwa kuitumia. Ukiiunga kwenye kipokezi cha omu 50 unapoteza asilimia nne ya mawimbi kwenye maungio. Asilimia nne! Kebo nyembamba ya omu 50 aina ya RG-58 inapoteza nusu nzima ya mawimbi katika mita kumi na tano hivi, na kebo nzuri ya televisheni kwa urefu uleule inapoteza kidogo zaidi ya robo. Ukiwa na mita nyingi za kwenda, ya televisheni inashinda.

Kwa nini ilazwe

Wimbi la redio lina mkao. La kituo cha redio kilicho ardhini mara nyingi hutikisika wima, juu na chini. La setilaiti linatikisika huku likizunguka kama skrubu inayosonga mbele, kwa mkono wa kulia. Waliosanifu walikuwa na sababu: setilaiti hubadilisha sura yake kwako kila dakika, sasa unaiona ubavu, sasa tumbo. Kama wimbi lingetikisika kwenye mstari mmoja, mara lingelingana na fimbo zako, mara lingekatana nazo na picha ingepotea. Wimbi linalozunguka halina ubaguzi huo. Fimbo iliyonyooka, vyovyote utakavyoilaza, inachukua nusu yake. Unapoteza nusu, lakini ni nusu ileile mwanzo hadi mwisho.

Na kwa kulazwa kwake, antena haipatani na mawimbi ya ardhini yanayotikisika wima: redio za magari, simu za upepo, na vituo vingine. Hayo yanafika yakiwa yamedhoofika sana. Kwa hiyo kwa nusu uliyoipoteza umenunua ukimya, na kwa mawimbi dhaifu kiasi hiki ukimya ni mali.

Kimo nacho si cha kubahatisha ikiwa chini kuna kitu kinachorudisha mawimbi, hasa paa la mabati. Wimbi linaloshuka linagonga bati, linageuka kinyume, linarudi juu na kukutana na antena mara ya pili. Antena ikiwa sentimita 55 juu ya bati, yaani robo ya wimbi, wimbi lililorudi linakuta la kwanza likiwa sambamba nalo na yanaongezana. Ipandishe hadi sentimita 109, nusu ya wimbi, na yanayotoka utosini yanafutana. Aliyeinua antena yake akidhani anaisaidia anashangaa picha inakatika setilaiti ikiwa karibu kabisa naye! Juu ya udongo mkavu athari hii ni hafifu, lakini ipo.

Ile antena ya kujisokota, yenye vitanzi viwili vilivyopindwa nusu mzunguko, watu huiheshimu sana na inastahili. Kitanzi kimoja ni kikubwa kidogo kuliko urefu unaotakiwa, kingine ni kidogo kidogo. Mkondo kwenye kikubwa unachelewa, kwenye kidogo unawahi, na tofauti yao ikiwa robo ya mzunguko, antena inapokea wimbi la skrubu lote badala ya nusu, tena inasikia vizuri hata chini karibu na upeo wa macho. Ina mtego mmoja: ukivisokota vitanzi kinyume, umetengeneza antena bora ya setilaiti ambazo hazipo. Mimi humshauri anayeanza aiache kwanza. Atatumia siku tatu kukunja bomba la shaba, kisha ataitundika kwenye roshani ileile yenye kelele ambako fimbo mbili zingempa karibu picha ileile.

Kelele ndiyo adui

Kipokezi ni kile kidude cha USB kilichobuniwa kwa ajili ya televisheni ya dijitali. Mwaka 2012 wapenzi wa redio waligundua kwamba chipu yake, RTL2832U, inaweza kutoa mawimbi mabichi na kuiachia kompyuta kazi yote ya kuyachambua. Tangu hapo kimekuwa redio ya watu wote. Udhaifu wake ni kwamba hupima mawimbi kwa biti nane tu, yaani ngazi 256. Ukiwa karibu na minara ya redio za FM, megahezi 88 hadi 108, sauti yao nzito inazijaza ngazi zote na ile ya setilaiti haipati pa kukanyaga. Dawa yake si kuongeza nguvu. Mara nyingi ni kuipunguza kwenye programu hadi uone sakafu ya kelele inashuka kuliko wimbi lenyewe linavyoshuka.

Amplifaya ndogo yenye kichujio cha megahezi 137 inasaidia sana, mradi ikae karibu na antena. Ikiwekwa mwisho wa kebo, karibu na kompyuta, inakuza kile ambacho kebo imekwisha kukidhoofisha pamoja na uchafu wote uliookotwa njiani. Kilichopotea kwenye kebo hakirudishwi na amplifaya.

Kisha kuna kelele unayoiwasha mwenyewe. Chaja ya kompyuta, taa za LED, paneli za jua zenye kigeuzi, kebo ya skrini. Nilipoanza, jioni nne nzima niliilaumu antena, nikaikata, nikaigeuza, nikaihamisha. Ya tano chaja ilikuwa imechomoka kwa bahati mbaya, na picha ikatoka safi. Tangu siku hiyo, kabla setilaiti haijachomoza, nazima kitu kimoja kimoja nikiangalia skrini. Ndiyo kipimo changu cha kwanza, kabla ya multimita.

Ukuta wa dijitali

Kwa wale waliozoea NOAA, hapa ndipo penye ugeni. Picha ya analojia ilizorota pole pole: wimbi likidhoofu, picha ilijaa chenga, lakini pwani na mawingu uliendelea kuyaona. Ya dijitali haina katikati. Meteor hutuma alama 72,000 kwa sekunde, kila moja ikibeba biti mbili. Nusu ya biti hizo si picha, ni za kurekebishia makosa. Na juu ya hapo, kila baiti 223 za data zinafuatana na baiti 32 za ukaguzi. Kinga hii inaponya makosa mengi ajabu, hadi yanapozidi uwezo wake. Hapo haziji chenga. Unapata matofali meusi, kisha utepe mweusi mtupu.

Programu ya SatDump, inayosimbua mawimbi na kuunda picha, huonyesha mraba wenye vinukta wakati inapokea. Mwanzoni vinukta vimejaa kote kama mchanga uliomwagwa. Setilaiti inapopanda, vinajikusanya kwenye vishada vinne, kimoja kila pembe. Vishada vikiachana, picha inaanza kushuka mstari kwa mstari. Pale vinapoungana tena ndipo matofali meusi yatakapoanza. Ukiutazama mraba huo huku ukikumbuka setilaiti iko upande gani wa anga, utajua ni jengo lipi au mti upi unaokuzibia.

Mwendo wa setilaiti unahamisha masafa yake kwa kama kilohezi tatu, juu inapokuja na chini inapoondoka, sawa na honi ya gari inavyobadilika sauti likikupita. Mawimbi ya Meteor yanachukua zaidi ya kilohezi mia moja, kwa hiyo programu inalifuatilia hilo yenyewe na wewe huna la kufanya.

Cha kufanya ni kuchagua mpito, yaani safari moja ya setilaiti kukatiza anga lako. Programu kama Gpredict hukokotoa setilaiti itachomoza saa ngapi na itapanda hadi digrii ngapi juu ya upeo wa macho, ila lazima uihuishe kwa taarifa mpya za mizingo, maana za mwezi uliopita zinaweza kukukosesha dakika muhimu. Kwa mara ya kwanza subiri mpito unaozidi digrii 45, tena wa mchana. Hili la mchana si anasa. Kamera ya Meteor ina njia sita, kila moja ikipima aina yake ya mwanga au joto. Tatu kati yake hutegemea mwanga wa jua, na setilaiti haitumi njia zote sita kwenye bendi hii, ni tatu tu kwa wakati mmoja. Usiku unaweza kupokea data bila kosa hata moja na bado ukapata picha nyeusi, ukadhani umeharibu. Ikiwa njia ya joto ni miongoni mwa zilizotumwa, itaonekana usiku na mchana, na kwa kawaida mawingu yaliyo juu sana, ambayo ni ya baridi zaidi, hugeuzwa yawe meupe ili macho yetu yayatambue.

Hifadhi mawimbi mabichi kwenye diski wakati wa mpito, usiridhike na picha peke yake. Ni faili kubwa, lakini ukikosea mpangilio wa programu unasimbua upya kesho yake bila kungoja setilaiti irudi.

Wanaotaka kwenda mbele hupanda hadi megahezi 1,700, ambako setilaiti za Ulaya za MetOp hutuma picha zao, na vilevile zile za GOES za Marekani, ambazo zenyewe huelea kimo cha karibu kilomita 36,000. Huko fimbo mbili hazifui dafu. Unahitaji dishi, na mbele ya dishi waya uliosokotwa kama springi. Kwa MetOp, ambayo wimbi lake nalo ni la mkono wa kulia, springi hiyo inasokotwa kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wimbi likigonga dishi linageuka kama maandishi kwenye kioo. Wengi hulijua hili baada ya kuwa wamesokota ya kulia.

Na picha yako ya kwanza ikitoka imepinduka, kusini juu na mashariki ikiwa kushoto, usiiguse antena. Setilaiti ilikuja kutoka kusini, ikaanza na mstari wa kusini, na kompyuta imeipanga mistari kwa mfuatano uleule iliyoipokea. Kuna kitufe cha kuigeuza.